Safari ya Mbinga hadi Nyasa: simu ikizimika njiani, familia inabaki na nini?

Shule zinapofungwa Juni na Desemba, Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, hujaa wazazi, mabegi na watoto wenye usingizi. Wengine wanakwenda karibu tu, Morogoro au Dodoma. Wengine wanakwenda mbali hasa: Songea, kisha Mbinga, kisha kuteremka hadi Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Mkoa wa Ruvuma. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na kwa wengi haiishii kwenye basi. Mwisho wake ni bodaboda, au mtumbwi, au mjomba anayesubiri gizani.

Wiki moja kabla ya safari hiyo, mazungumzo yaleyale huanza katika nyumba nyingi. Mtoto mkubwa anataka kishikwambi ili aangalie katuni njiani. Baba ameona Kariakoo pawabenki iliyoandikwa 50,000 kwa bei ya kushangaza. Mama anauliza kama fedha hiyo isingefaa zaidi kuwa nauli ya kurudi. Kila mmoja ana hoja, lakini swali la kuanza nalo ni moja: simu ikizimika njiani, familia inapoteza nini?

Zamani jibu lilikuwa jepesi: inapoteza mazungumzo. Leo simu ndiyo pochi, kwa kuwa fedha iko kwenye laini. Ndiyo tiketi, kwa kuwa ujumbe wa kampuni ya basi umo humo. Ndiyo saa, tochi na daftari la namba za ndugu. Simu moja ikizimika saa mbili usiku Mbinga mjini, mama mwenye watoto wawili anaweza kujikuta hana fedha ya chumba, hana namba ya shemeji, wala hakumbuki jina la kijiji alichoelekezwa. Kwa hiyo vifaa vya safari vinunuliwe kwanza kwa ajili ya saa hiyo. Burudani itafuata ikibaki fedha.

Kuijua njia kabla ya kwenda dukani

Basi la Songea hutumia siku nzima barabarani, na mara nyingi hugusa usiku. Linapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, linapanda Kitonga, linapita Iringa, Mafinga, Makambako na Njombe ndipo lifike Songea. Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita zisizofika 70, nazo sasa ni za lami, barabara ikishuka kutoka milima ya Wamatengo hadi usawa wa ziwa.

Katika njia hiyo yako maeneo ambayo mtandao hupungua au hukatika, hasa porini na kwenye mabonde. Hapo ndipo simu nyingi huisha chaji bila kuguswa. Simu isiyopata mnara haitulii. Huongeza nguvu na kuutafuta tena na tena, na betri inaisha mfukoni. Msafiri anayeweka simu kwenye alama ya ndege anapoingia Mikumi, akaifungua mara mojamoja kwenye miji, hufika na chaji ya kutosha. Anayeiacha ihangaike yenyewe hufika Njombe akiomba waya.

Mabasi mengi siku hizi yana matundu ya kuchajia kwenye viti. Ni jambo jema, lakini msafiri mzoefu hayawekei matumaini yote. Mengine hayafanyi kazi, mengine hutoa umeme kidogo sana, na basi likiharibika njiani hakuna tundu linalosaidia. Kwa safari hii ni salama kupanga kana kwamba hakuna umeme kabisa kutoka Dar hadi mlango wa nyumba ya bibi.

Kitochi kabla ya kishikwambi

Kifaa cha kwanza ambacho familia ya safari ndefu inastahili kuwa nacho ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote: simu ndogo ya vitufe, kitochi. Betri yake hukaa siku kadhaa kwa sababu haina kioo kikubwa wala programu zinazofanya kazi chini kwa chini. Ikianguka haipasuki kirahisi. Ina tochi. Na jambo ambalo wengi husahau: huduma za fedha hazihitaji simu janja. Msimbo wa *150*00# wa M-Pesa, *150*60# wa Airtel Money na misimbo ya mitandao mingine hufanya kazi kwenye kitochi vilevile, bila bando la intaneti.

Inafaa kitochi hicho kiwe cha laini mbili. Mwambao wa Nyasa si kijiji kimoja. Mtandao unaosikika vizuri Mbamba Bay unaweza kuwa hafifu kijiji kinachofuata. Njia ya uhakika ni kumpigia mwenyeji kabla ya safari na kumuuliza kwake unashika mtandao upi, kisha laini ya pili iwe ya mtandao huo. Laini hiyo isajiliwe kwa alama za vidole nyumbani, mapema. Anayetaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa hupiga *106#.

Simu janja ibaki na kazi zake: picha, ujumbe, ramani. Hata ramani ina siri yake. Kifaa cha kupokea mawimbi ya setilaiti ndani ya simu hakitumii vocha wala mnara. Mzazi akipakua ramani ya Ruvuma akiwa bado na intaneti nyumbani, simu itamwonyesha alipo hata pasipo na mtandao.

Pawabenki: namba ya boksi na uzito wa mkononi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Pawabenki, yaani betri ya akiba, hupimwa kwa mAh, na wanunuzi wengi hudhani kwamba yenye 10,000 itajaza mara mbili simu yenye betri ya 5,000. Haiwezi. Namba ya boksi ni ya betri ya ndani, ambayo hufanya kazi kwa volti 3.7, wakati umeme unaotoka kwenye tundu ni wa volti 5. Katika kubadilisha huko, na katika joto linalotoka wakati wa kuchaji, sehemu kubwa hupotea. Pawabenki ya kweli ya 10,000 hujaza simu ya 5,000 mara moja na nusu hivi. Kwa mtu mmoja na safari ya siku mbili, hiyo inatosha. Kwa familia yenye simu janja mbili, ya 20,000 ndiyo saizi yake.

Na ile ya 50,000 ya bei ya kushangaza? Uzito unasema kweli kuliko maandishi. Seli moja ya betri ya mviringo inayotumika katika pawabenki nyingi ina uzito wa gramu 45 hivi na hubeba takriban mAh 2,500 hadi 3,400. Kwa hesabu hiyo, 10,000 ya kweli haiwezi kupungua sana chini ya gramu 180, na 50,000 ingekaribia kilo moja au kuizidi baada ya kuongeza boksi lake. Kitu kinachoandikwa 50,000 huku kikiingia kwenye mfuko wa shati ni maandishi tu. Pawabenki nzuri huwa na namba mbili zilizoandikwa kwa herufi ndogo mgongoni: uwezo wa betri, na uwezo unaotoka hasa, ambao huwa mdogo. Asiyeogopa kuandika namba ya pili mara nyingi ndiye anayesema kweli.

Wanaopanda ndege hadi Songea wana jambo la ziada. Pawabenki hairuhusiwi kwenye begi linalokwenda sehemu ya mizigo, hubebwa mkononi. Kikomo cha kawaida bila kuomba kibali cha shirika la ndege ni Wh 100, sawa na mAh 27,000 hivi. Ya 20,000 iko ndani ya kikomo, ilimradi maandishi yake yanasomeka.

Kuna faida nyingine ya pawabenki ambayo haiandikwi kwenye boksi. Mahali pasipo na umeme wa uhakika, watu hupeleka simu kwenye vibanda vya kuchajisha na kuziacha huko saa kadhaa. Simu iliyoachwa kibandani ni pochi iliyoachwa kwa mtu. Mwenye pawabenki huiacha hiyo kibandani, simu ikabaki mfukoni. Ikipotea, kilichopotea ni betri, si akiba ya familia wala picha za watoto.

Chaja ya dakika ishirini

Basi husimama kwa chakula dakika chache tu. Katika dakika hizo tofauti kati ya chaja na chaja ni kubwa. Chaja ndogo ya wati 5 kwa dakika 20 huipa simu ya kawaida chini ya asilimia 10. Ya wati 18 au 20, ikiwa simu yenyewe inaipokea, hufikia robo ya betri. Kwa hiyo mara nyingi chaja nzuri moja ina faida kuliko pawabenki ya pili. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye chaja: volti 9 mara ampea 2 ni wati 18.

Waya nao si wa kudharau. Familia inayonunua vifaa vyenye tundu la aina moja, siku hizi lile la USB-C, hubeba nyaya mbili badala ya tano. Waya mwembamba wa bei ya chini kabisa huweza kuifanya chaja nzuri ichaji polepole kama mbaya.

Anayesafiri kwa gari la mizigo au basi dogo na kutumia chaja ya kwenye tundu la sigara aangalie maandishi yake. Magari madogo hutumia volti 12, lakini malori na mabasi makubwa mengi hutumia volti 24. Chaja iliyoandikwa 12–24 inafaa kote. Iliyoandikwa 12 pekee inaweza kuungua, na kuunguza simu.

Nyumbani kwa wenyeji, Mbinga na Songea hali ya umeme si ya zamani. Kabla ya laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako kuifikia Songea, miji hii ilitegemea jenereta za dizeli. Hata hivyo umeme hukatika popote, na vijijini si kila nyumba imeunganishwa. Anayevuka kwenda Malawi atakuta plagi ni ileile ya meno matatu bapa kama ya Tanzania. Anayeelekea Msumbiji ahitaji adapta, kwa kuwa huko plagi za meno ya mviringo ndizo za kawaida.

Jua linachaji, lakini polepole

Pawabenki zenye kioo kidogo cha sola mgongoni huuzwa sana kwa wanaokwenda vijijini. Hesabu yake ni hii. Kioo cha ukubwa wa simu hutoa wati moja au moja na kidogo jua likiwa kali. Betri ya 10,000 hubeba Wh 37. Maana yake ni zaidi ya saa 30 za jua kali, yaani wiki nzima ya kuianika. Tena jua lilelile hupasha betri joto, na joto ndilo adui mkubwa wa betri za namna hii. Anayehitaji sola kwa bibi anunue paneli ya kujitegemea ya wati 10 au zaidi, ambayo hukaa juani huku betri ikikaa kivulini. Hiyo itabaki kijijini kama zawadi yenye kazi, hata wageni wakiondoka.

Mwambaoni: maji, mtandao wa jirani na saa inayodanganya

Ziwa Nyasa linapendeza asubuhi, lakini si la kuchezea. Kati ya Mei na Agosti upepo mkali wa kusini, unaoitwa mwera, huweza kuinua mawimbi makubwa kwa muda mfupi. Wanaosafiri kwa meli, kama MV Mbeya II ya abiria 200, wana dari juu yao. Wanaopanda mtumbwi au boti ya mbao kutoka kijiji hadi kijiji wana maji miguuni.

Simu nyingi mpya huandikwa IP67 au IP68, na wauzaji husema haziingizi maji. Ukweli ni kwamba IP67 ni kipimo cha simu mpya iliyozamishwa katika maji matulivu, kina cha mita moja, kwa nusu saa. Simu iliyowahi kuanguka au kufunguliwa na fundi haina ahadi hiyo tena. Mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa mdomo, wa bei ndogo, humlinda mwenye simu ya zamani sawa na mwenye simu ya gharama. Simu iliyolowa izimwe, isichajiwe mpaka ikauke kabisa.

Jambo la pili ni mtandao wa jirani. Ng'ambo ya ziwa ni Malawi, na kusini ni Msumbiji. Ufukweni au majini, simu inaweza kudaka mnara wa huko. Ikiwa huduma ya kutumia laini nje ya nchi, ile wanayoiita romingi, imeachwa wazi, salio linaweza kuliwa na intaneti ambayo mwenye simu hakujua anaitumia. Izimwe kwenye mipangilio kabla ya kushuka Mbamba Bay.

La tatu limewakosesha watu safari. Malawi na Msumbiji ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Saa kumi na moja alfajiri ya Mbamba Bay ni saa kumi alfajiri ya Nkhata Bay. Simu iliyowekwa ijipangie saa yenyewe, ikidaka mnara wa ng'ambo usiku, inaweza kurudi nyuma saa moja bila kumwambia mtu. Kengele ya kuamkia basi italia wakati basi limeshaondoka. Dawa ni kuzima mpangilio wa saa wa moja kwa moja, au kubeba saa ya mkononi ya kawaida, kifaa cha elektroniki kidogo kuliko vyote ambacho hakidanganywi na mnara.

Mwambao huu unajua gharama ya habari kuchelewa. Agosti 1914, pale Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza. Leo hakuna anayengoja mizinga, lakini taarifa ya upepo bado ni taarifa ya uhai. Redio ndogo ya betri za kawaida, ya kusikilizia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, bado ina nafasi kwenye begi la anayekwenda ziwani.

Watoto na vifaa vyao

Kishikwambi si kitu kibaya. Walimu wengi wanavyo tangu vile vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vilipogawiwa shuleni. Kwa safari hii, hata hivyo, kina mambo matatu. Kwanza kinakula chaji ileile ambayo simu ya mama itaihitaji usiku. Pili, kutazama kioo kwenye kona za Kitonga au mteremko wa kwenda Mbamba Bay humletea mtoto kichefuchefu, kwa kuwa macho yanaona kitu kimetulia huku mwili ukiyumba. Tatu, kinamfunika mtoto asione njia. Miteremko ya Mbinga ina ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo yanayozuia maji yasibebe udongo, na mtoto aliyeyaona kwa macho yake hatayasahau darasani.

Mzazi anayekibeba ajaze hadithi na nyimbo za kusikiliza kuliko video. Sauti haitumii kioo, kwa hiyo betri hudumu zaidi. Sauti hiyo isiwe kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na ndani ya basi lenye kelele mtoto huongeza sauti bila kujua. Hedifoni zinazofunika sikio lote hupunguza kelele ya basi, na hivyo sauti haihitaji kupandishwa. Mzazi anayeketi kando akisikia muziki wa mtoto, sauti imezidi.

Hatari kubwa zaidi ni ndogo kuliko zote: betri bapa za mviringo kama sarafu, zinazokaa kwenye tochi ndogo, midoli yenye taa na rimoti. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Kifaa chenye betri hiyo kiwe na mfuniko wa skrubu, si wa kubonyeza. Ikihisiwa tu kwamba mtoto amemeza, ni hospitali mara moja, bila kumtapisha na bila kusubiri kesho. Katika safari ambayo hospitali inaweza kuwa saa moja mbali, ni heri kifaa cha namna hiyo kibaki nyumbani.

Mtoto anayesafiri peke yake

Wako wanafunzi wanaosoma bweni Mbinga na Songea huku wazazi wakiwa Dar, Mbeya au Nyasa. Hapa wazazi hugawanyika. Wengine humpa mtoto simu ili moyo utulie. Wengine humnyima, kwa kuwa shule nyingi za bweni haziruhusu simu na mwanafunzi akikutwa nayo anaweza kusimamishwa.

Kila upande una haki yake. Mtoto wa miaka 14 aliyeachwa na basi Makambako anahitaji kusikika. Na simu ya gharama mkononi mwa mtoto stendi usiku humletea hatari badala ya kumwondolea. Njia ya kati ipo. Mtoto abebe kitochi cha bei ndogo ambacho mtu mzima anayempokea atakichukua na kumrudishia siku ya kufunga shule; kisiingie geti la shule. Mzazi awe na namba ya kondakta, namba ya usajili wa basi na namba ya kiti. Na mtoto awe na kifaa kisichohitaji chaji: karatasi yenye namba nne, moja ikiwa ya mwenyeji, iliyokunjwa kwenye soksi au kitabu. Namba ya mama aijue kwa kichwa. Ajue pia 112 ya polisi na 116 ya msaada kwa mtoto.

Wazazi wengi huona karatasi ni jambo la kizamani. Lakini kitochi kinaweza kuibwa na pawabenki ikasahaulika kwenye kiti. Mtoto anayejua namba ya mama yake kwa kichwa anaweza kuazima simu ya mama ntilie yeyote na kusikika nyumbani.

Siku ya kununua

Simu yoyote, mpya au ya mtumba, ijaribiwe dukani kwa *#06#. Itaonyesha namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ya laini mbili huonyesha namba mbili. Namba hiyo hutumwa kwa ujumbe kwenda 15090, na jibu hueleza aina ya simu. Jibu likitaja simu nyingine, si ya kununua. Tangu Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia, hakuna sababu ya kutoa fedha bila kufanya hivyo. Namba hiyo iandikwe na kuachwa nyumbani. Simu ikipotea, polisi na mtandao wataiuliza.

Risiti idaiwe, na muda wa waranti uandikwe. Kisha vifaa vyote vifanyiwe mazoezi wiki moja kabla. Pawabenki ijazwe, iachwe siku mbili, ndipo ichaji simu kutoka sifuri, na mzazi ahesabu imejaza mara ngapi. Kasoro ikionekana nyumbani, duka bado liko karibu. Ikionekana Lituhi, duka liko mbali sana.

Mwenye fedha kidogo aanze na karatasi na kitochi cha laini mbili. Ikiongezeka, chaja nzuri na waya wake. Ikiongezeka tena, pawabenki ya kweli ya 10,000. Kishikwambi na hedifoni vije mwisho, nauli ya kurudi ikiwa imeshawekwa kando. Na fedha isiwe yote kwenye laini. Noti chache zikae mahali pengine, kwa kuwa wakala naye huishiwa na mtandao wake hukatika.

Simu janja iliyofika na chaji ina kazi moja ambayo haihitaji bando. Jioni, babu au bibi anapoanza kueleza habari za zamani kwa Kimatengo au Kinyasa, simu iwekwe karibu yake na kinasa sauti kifunguliwe. Saa nzima ya sauti huchukua nafasi ndogo kwenye memori kadi. Mtoto aliyechoka na katuni leo atakuja kuitafuta sauti hiyo akiwa mtu mzima.